Maji Yakitoka Kwetu Yanakwenda kwa Nani?

Mada iliyotolewa na padre mmoja katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani



Ndugu viongozi wa halmashauri za walei, makatekista, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, na ninyi nyote wajumbe wa kamati za Haki na Amani za vigango: nilipoombwa kutoa mada juu ya majitaka, mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni kama sikukosea semina. Alidhani Haki na Amani ni mambo ya mashamba yanayonyang'anywa, mirathi ya wajane, na mahabusu wanaokaa miaka bila kufikishwa mahakamani. Ni kweli, hayo ndiyo tuliyoyazoea. Lakini kesi ya kwanza niliyoletewa nikiwa paroko ilikuwa kesi ya choo, na mshtakiwa nilikuwa mimi.

Nitawaeleza kesi hiyo bila kuitaja parokia, kwa kuwa wahusika wapo hai na shule bado ina wanafunzi.

Parokia hiyo iko milimani, mahali pa baridi, penye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Juu kuna kanisa, nyumba ya mapadre, zahanati, na shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Chini, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuna kitongoji kando ya mto mdogo. Watu wake hulima vinyungu, yaani zile bustani za bondeni zinazotulisha wakati wa kiangazi. Tangu siku za wamisionari shule ilitumia vyoo vya shimo. Vilinuka, na hakuna aliyejivunia kuwaonyesha wageni, lakini kilichoingia shimoni kilibaki shimoni.

Mwaka 2011 maji ya mserereko yalifika kutoka chemchemi ya mlimani. Ilikuwa sikukuu. Utepe ulikatwa, ng'ombe alichinjwa, paroko aliyenitangulia akalibariki tangi. Mimi mwenyewe nimebariki visima na matangi mengi tangu nipewe daraja. Sijaitwa hata mara moja kubariki karo.

Basi shule ikajengewa vyoo vya kuvuta, bafu, na jiko lenye masinki. Matumizi ya maji yakaongezeka, nalo ni jambo jema, ndilo tulilokuwa tukiliomba. Lakini tuhesabu pamoja. Shule ya bweni yenye watu 500, kila mmoja akitumia lita 40 tu kwa siku, hutoa lita 20,000 za maji machafu kila siku. Hayo ni madumu 1,000 ya lita 20. Yapangeni madumu hayo kichwani mwenu katika uwanja wa parokia, halafu mkumbuke kwamba kesho asubuhi yatakuja mengine 1,000. Yote yaliingia shuleni yakiwa safi; yote yanatoka yakiwa yamebeba sabuni, mafuta ya jikoni, mkojo na kinyesi. Nani aliandaliwa kuyapokea? Katika michoro ya mradi, niliyoikuta baadaye kabatini, bomba la kuingiza maji lilichorwa kwa vipimo kamili, kila kona na kila valvu. Upande wa kutoka palikuwa na mshale mmoja na neno moja tu: shimo.

Shimo hilo la kunywea lilichimbwa kwenye mfinyanzi. Mfinyanzi haunywi haraka. Zaidi ya hayo, maji yatokayo kwenye karo hujenga utando wa utelezi katika kuta za shimo, nao huziba hata vile vitundu vichache vilivyokuwapo. Masika ikija, ardhi yenyewe imekwisha kushiba. Haikupita miaka miwili shimo likafurika kwenye njia ya wanafunzi. Ugeni wa ukaguzi ulikuwa ukitarajiwa. Fundi akaitwa, akaunganisha bomba kutoka shimoni hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua, na mfereji huo, kama mifereji yote ya mlimani, huishia mtoni. Harufu ikakoma shuleni. Ndugu zangu, hakuna kikao kilichoketi kuamua kuwanywesha watu wa bondeni kinyesi. Palikuwa na harufu, palikuwa na wageni njiani, na palikuwa na bomba la bei nafuu.

Masika ya mwaka 2014 katekista wa kigango cha bondeni alikuja ofisini kwangu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu parokiani. Aliniambia kwamba watoto wengi wanaharisha, baadhi yao damu. Kwamba maji ya mto yana povu asubuhi. Na kwamba watu wanasema ni choo cha shule ya Baba Paroko. Nilimjibu kwa upole, na ndiyo maana jibu lile linaniuma hadi leo. Nilimwambia awaambie waamini wachemshe maji.

Shauri hilo mganga yeyote angelitoa, na mimi hata sasa nawaambieni: chemsheni. Lakini tazameni nilichokifanya. Mzigo wa uchafu wetu niliutwika juu ya mama ambaye hakuutengeneza. Kuni za kuchemshia angezitafuta yeye. Muda wa kungoja maji yachemke, kisha yapoe, ungekuwa wake. Na hata angechemsha ya kunywa, mtoto anayeogelea mtoni atayameza yasiyochemshwa, mchicha utaoshwa kwa maji yale yale, na mkulima atasimama kwenye kinyungu miguu mitupu. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu. Haimngoji mtu anywe.

Wiki mbili baadaye, katika kikao cha halmashauri ya walei, mama mmoja wa kigango kile aliingia na dumu la lita tano. Aliliweka mezani mbele yangu, kando ya vikombe vya chai, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko. Haya ndiyo maji tunayochota." Kisha akaketi. Tukaitikia, milele na milele, amina. Na baada ya hapo hakuna aliyesema neno kwa muda, wala hakuna aliyegusa chai.

Wazee mliomo humu mtakumbuka kwamba mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia watu wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao, na lengo likawa umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Lengo halikufikiwa kwa wakati wake, lakini nia ilikuwa kubwa. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kujifunza, ikawashirikisha watu wapatao milioni mbili, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Marehemu baba yangu alichimba chetu wakati huo, na alipenda kusimulia jinsi kiongozi wa kikundi alivyompima kina kwa fito. Mpango mmoja ulileta maji, mwingine ulizika kinyesi, na kila mmoja ulikwenda njia yake. Choo cha shimo kikavu na bomba la uani vinaweza kukaa pamoja kwa amani. Choo cha kuvuta huviunganisha, na hapo ndipo majitaka yanapozaliwa. Mjini kuna mamlaka ya maji, kuna mabomba ya majitaka na magari ya kunyonya, ingawa hata huko waliounganishwa ni wachache. Katika kijiji kama kile, gari la kunyonya lingepandia wapi?

Msidhani natia chumvi juu ya hatari yenyewe. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, na wagonjwa wakazidi 20,000 kabla ya mwaka uliofuata kwisha. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia moja: kinyesi cha mtu mmoja kuingia kinywani mwa mwingine, na maji ndiyo mchukuzi.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anajulikana kwa kuwakemea wachungaji waliojilisha wenyewe. Sisi mapadre huhubiriwa sura hiyo kwenye mafungo mpaka tunaikariri. Lakini someni mbele kidogo, kuanzia aya ya 17. Hapo Bwana anawageukia kondoo wenyewe, wale walionenepa, na kuwauliza kwa nini, wakiisha kunywa maji mazuri, wanayavuruga yaliyosalia kwa kwato zao, ikawalazimu wenzao kunywa hayo. Kunywa kwao hakukuwa kosa. Katika ile shule, msichana kuoga na kufua si kosa, wala sitaki mtu atoke humu akidhani nawaombea wasichana warudi kwenye ndoo moja. Kosa lilikuwa katika yale yaliyofuata baada ya kunywa. Na kwa kuwa sura hiyo ina lawama kwa wachungaji na lawama kwa kondoo, mimi na ninyi tumegawana.

Mwezi Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kuwa maji safi na usafi wa mazingira, vyote viwili pamoja, ni haki ya binadamu. Miaka mitano baadaye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', aliihesabu haki ya kupata maji salama kuwa ya msingi kwa kila mtu. Nayataja haya kwa ufupi, maana hapa hatubishani kama haki ipo. Linalotushinda ni karo.

Basi nije kwenye karo. Nitachukua muda, kwa kuwa wengi wenu mna shule, zahanati na nyumba za watawa katika vigango vyenu, na siku moja mtaulizwa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Tangi la septiki, hilo tunaloliita karo, si mwisho wa kusafisha majitaka; ni mwanzo wake. Ndani yake uchafu mzito huzama ukawa tope, mafuta huelea, na bakteria wasiohitaji hewa hulila tope polepole. Maji yanayotoka upande wa pili yamepungukiwa na theluthi hadi nusu ya uchafu wake, lakini bado yamejaa vijidudu vya maradhi. Pengine yanaonekana maangavu. Maji ya dumu lile la mezani, yakiisha kutulia, yalikuwa karibu maangavu pia.

Hatua ya pili ndiyo iliyokosekana kwetu. Mahali penye jua na nafasi, pasipo na umeme wa uhakika, kuna njia mbili zilizokwisha kujaribiwa. Ya kwanza ni mabwawa yanayofuatana. La kwanza huwa na kina kirefu, na humo uchafu mwingi huzama. Yanayofuata huwa na kina kifupi, mita moja au moja na nusu, ili jua lifanye kazi. Ule ukijani mnaouona juu ya mabwawa hayo ni mwani. Mwani hutoa hewa ya oksijeni wakati wa mchana, bakteria huitumia kula uchafu, na mwanga wa jua huua vijidudu vingi. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito, huzama kama maji yakikaa siku za kutosha. Mji wa Moshi hutumia mabwawa ya namna hii, na wakulima wa upande wa Mabogini wamemwagilia mpunga kwa maji yanayotoka humo. Lakini mabwawa yanataka ardhi kubwa iliyo mbali na nyumba, na kingo zake zisipofyekwa huzaa mbu.

Ya pili, ambayo ndiyo tuliyoichagua, ni ardhioevu ya kujengwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia utafiti kwa miaka mingi na kuijenga kwenye shule na vyuo, mkoani Iringa ikiwemo. Watu wetu waliipa jina rahisi: shamba la matete. Ni shimo pana, lenye kina kinachozidi nusu mita kidogo, lililosakafiwa ili maji yasivuje, likajazwa kokoto na kupandwa matete. Maji ya karo huingia upande mmoja, hupita chini kwa chini kati ya kokoto, na baada ya siku kadhaa hutokea upande wa pili. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaojishika kwenye kokoto na kwenye mizizi. Maji hayaonekani juu, kwa hiyo mbu hawana pa kutagia. Na ule mfinyanzi uliotushinda kwenye shimo la kunywea, tulipoushindilia vizuri, ndio uliotufaa kuwa sakafu.

Kuhusu ukubwa, katika nchi za joto wataalamu huhesabu mita ya mraba moja hadi mbili kwa kila mtu. Kwa sababu ya baridi yetu tulichukua mbili. Kwa watu 500 ni mita za mraba 1,000, yaani karibu sehemu ya saba ya uwanja wa mpira. Mchoro wa kwanza uliliweka shamba hilo chini karibu na kitongoji, kwa kuwa huko ni tambarare. Watu wa bondeni wakakataa. Walisema: uchafu ni wenu, na ardhi nayo mwataka iwe yetu? Sikuwa na jibu. Tulikata kipande cha shamba la kahawa la parokia, nami nawakiri kwamba nilikionea uchungu, maana kahawa ile ndiyo iliyokuwa ikilipa mafuta ya pikipiki yangu.

Kazi ilikamilika mwaka 2016. Bomba la mfereji liling'olewa mbele ya watu wa vigango vyote. Ingekuwa hadithi nzuri kama ingeishia hapo.

Mwaka 2019 shamba la matete lilianza kutoa maji juu ya kokoto, na harufu ikarudi. Tulipofungua karo tuliona sababu. Wahandisi hukadiria lita 30 hadi 40 za tope kwa mtu kwa mwaka. Kwa watu 500 ni lita 15,000 hadi 20,000. Karo letu lilikuwa la lita 60,000, na tope likifikia theluthi ya karo ni wakati wa kuliondoa. Kwetu sisi, basi, kila baada ya mwaka mmoja, au mwaka mmoja na miezi minne. Tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila kuinua mfuniko. Hapakuwa tena na karo, palikuwa na boma lililojaa tope, na tope likawa linapita moja kwa moja kwenda kuziba kokoto.

Ndani yake tulikuta pia vitambaa na taulo za kike kwa wingi. Mwalimu mmoja aliwaita wasichana mstarini akawagombeza kwa ukali. Mama yule wa dumu, ambaye wakati huo tulikuwa tumemchagua kuwa mjumbe wa kamati, aliuliza swali moja: hao mabinti walionyeshwa wapi pa kutupa? Hawakuwa wameonyeshwa popote. Tulikuwa tumejenga vyoo 30 bila tanuri moja la kuchomea. Basi tanuri likajengwa kwa matofali ya kuchoma, na taulo zikakoma kuonekana kwenye karo. Jikoni nako tukaweka kisanduku cha kunasa mafuta, kinachosafishwa kila Jumamosi. Tukakataza pia kumwaga dawa kali za kusafishia vyooni kwa wingi, maana zinawaua bakteria ambao ndio wafanyakazi wetu.

Kokoto za mita chache za mwanzo zilichimbuliwa zote, zikaoshwa kwa mikono, zikarudishwa. Kazi hiyo sitaki kuieleza.

Hapa naomba niseme jambo kwa msisitizo. Mtu yeyote asiingie ndani ya karo kwa sababu yoyote ile, hata limeonekana tupu, hata ndoo imetumbukia, hata kijana amejitolea. Hewa inayokaa humo huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza hufa pia. Tope liondolewe kwa pampu au kwa vyombo vya mpini mrefu kutoka juu, na wafanyao kazi wavae mabuti na glavu, wapewe maji na sabuni ya kuoga kabla ya kwenda kula. Mkimwajiri mtu kwa kazi hii, msimlipe ujira wa kufyeka majani.

Tope lenyewe si mbolea siku litokapo. Mayai ya minyoo ya tumboni huishi humo muda mrefu sana. Shirika la Afya Duniani hushauri kinyesi kilichokaushwa kitunzwe zaidi ya mwaka mmoja mahali pa joto, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali pa baridi. Sisi tunalo shimo moja linalojazwa na jingine linalopumzika kwa miaka miwili, yote yamefunikwa na kuinuliwa kingo ili mvua isiyakumbe.

Maji yatokayo kwenye matete, je, ni ya kunywa? La hasha. Yamepunguziwa sana uchafu na vijidudu, mto unaweza kuyapokea bila kuugua, lakini hayanywewi wala hayaoshi mboga. Sisi tunamwagilia migomba na majani ya ng'ombe. Kwa mboga zinazoliwa mbichi sharti ni kali zaidi: Shirika la Afya Duniani halitaki hata mayai mawili ya minyoo katika lita moja, na hilo huwezi kulijua kwa macho, linahitaji maabara.

Baadhi yenu mtaniuliza juu ya kaya zenu. Nitasema kifupi. Mwenye choo cha shimo kizuri, chenye mfuniko, kilicho umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani na ambacho chini yake hakikaribii maji ya ardhini, asione aibu wala asikimbilie choo cha kuvuta kabla ya kujua maji yake yataishia wapi. Marumaru nzuri juu na bomba lililofichwa kuelekea korongoni ni maendeleo ya upande mmoja. Na kama unataka kuchimba shimo la kunywea, jaza kwanza maji kwenye shimo dogo, uliache lilowe usiku kucha, ulijaze tena asubuhi, utazame yanashuka kwa kasi gani. Fanya hivyo wakati wa masika, si Septemba.

Lipo pia suala la sheria. Taasisi za Kanisa hujidanganya kwamba kwa kuwa zinawahudumia maskini, zimesamehewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali kutoka bodi ya bonde, na nchi yetu ina mabonde tisa, kwa hiyo hakuna mto usio na mwenyewe. Sisi tulimwaga miaka miwili bila kibali. Tulipokwenda kujieleza tulipokewa kwa adabu kuliko tulivyostahili, na mtaalamu wao ndiye aliyetufundisha kuchukua sampuli. Tangu mwaka 2019 ipo pia RUWASA kwa maji ya vijijini, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Waendeeni. Watazungumza zaidi juu ya maji yanayoingia. Ninyi waulizeni juu ya yanayotoka.

Kuhusu fedha, tulijifunza kwa kokoto zile. Sasa sehemu ndogo ya ada ya kila muhula huwekwa katika akaunti ya peke yake, kwa ajili ya tope, matete na vipimo tu. Wanaotia saini ni watatu: mmoja wa shule, mmoja wa parokia, mmoja wa kigango cha bondeni. Bila saini ya bondeni fedha haitoki, na bila bondeni kukubali, kazi haihesabiwi kuwa imekwisha. Ufunguo wa chemba ya mwisho, tunapochotea maji ya kupima, anautunza katekista yule niliyemwambia awachemshie watu maji. Paroko aliyenipokea alishangaa kuona kwamba funguo zote za parokia ziko kwake isipokuwa mmoja. Nilimwambia auache huko huko. Kuna wakati shule huchelewa kuweka fedha, na mwaka mmoja zilikopwa kununulia mahindi. Saini ya bondeni ndiyo iliyozirudisha. Sitawaambia kwamba kila mtu huupenda utaratibu huu.

Ninyi mtakaorudi vigangoni, naomba kabla ya kikao kijacho mfanye jambo moja. Fuateni kwa miguu maji yatokayo kwenye shule yenu, zahanati yenu, machinjio ya senta yenu, na nyumba ya padre wenu. Msiishie kwenye mfuniko. Teremkeni mpaka mwone nani anachota, kisha mwandike jina la kitongoji chake, na mkifanya kikao, kikafanyike kule.

Mliniuliza wakati wa chai yule mama yuko wapi. Yupo. Tulipokiri kosa letu, parokia iliahidi mambo mawili: kuyasafisha majitaka, na kuwafikishia watu wa bondeni bomba kutoka tangi lile lile la mlimani. La kwanza limefanyika kama nilivyowaeleza. La pili limefika kwenye kanisa la kigango. Kutoka hapo hadi nyumba za mwisho za kitongoji mabomba hayajanunuliwa, na nyumba yake ni mojawapo ya hizo. Nilipopita mwezi uliopita nilimkuta akitoka mtoni na ndoo.